KUSAMEHEWA CHANJO KATIKA SKULI ZA MAREKANI

Mzee mmoja wa mji wetu, ambaye binti yake ameolewa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, alituletea darasani suala hili: Mjukuu wake anakaribia kuandikishwa skuli, na skuli za huko hazimpokei mtoto bila ya hati ya chanjo. Majirani wamemwambia mama wa mtoto kuwa iko karatasi ya udhuru, na kwamba akiandika kuwa Uislamu unakataza chanjo, mambo yatakuwa yamekwisha. Je, yafaa atie saini?

Kwanza yapasa tuifahamu sheria yenyewe. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1905, katika kesi ya ndui iliyotoka Massachusetts, ya kuwa jimbo lina haki ya kulazimisha chanjo kwa ajili ya usalama wa watu. Na mwaka 1922 ikakubali skuli imzuie mtoto asiyechanjwa. Udhuru wa maradhi, kwa hati ya daktari, hukubaliwa kote. Ama udhuru wa dini au wa rai, hapo ndipo majimbo yanapokhitalifiana: California iliufuta kwa sheria ya mwaka 2015, na New York ikaufuta ule wa dini mwaka 2019. Minnesota mlango wake ni mpana zaidi. Mzazi huandika kuwa chanjo inapingana na itikadi aliyoishika kwa dhati ya moyo wake, akatia saini mbele ya mtu aliyepewa mamlaka ya kushuhudia saini. Zingatia vyema, ewe msomaji: karatasi hiyo haimuulizi mzazi dini yake. Inamuuliza kilichomo moyoni mwake.

Basi ni nani aliyemtaka mama huyu autaje Uislamu? Sisi hatujui Aya wala Hadithi inayokataza chanjo. Tunalolijua ni kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wajitibu, na akawakataza kuuingia mji wenye tauni na kuutoka kwa kuikimbia. Na mahujaji wetu, kabla ya kusafiri, hudungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo kwa sharti la serikali ya Saudia, wala hatujapata kusikia hata mmoja aliyerudi nyumbani kwa kuwa dini imemkataza.

Iko hoja moja yenye uzito, nayo ni ya jelatini ya nguruwe iliyomo katika baadhi ya chanjo za surua. Wanavyuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kuwa kitu kilichogeuka asili yake hata kikawa kitu kingine hutoharika, na hiyo ndiyo istihala. Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwaka 2018, halikuichukua kauli hiyo. Lilisema asili yake ni haramu, lakini likairuhusu kwa dharura maadamu haikupatikana nyingine. Njia zao ni mbili, na zote zimefika kwenye ruhusa. Mwenye kuona uzito na aulize kama iko chanjo isiyo na jelatini, maana nchi nyingine zinayo.

Lakini tuseme kweli: lililowaogopesha watu wa Minneapolis si nguruwe, ni usonji. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alitoa makala London juu ya watoto 12, akaifungamanisha chanjo ya surua na maradhi hayo. Makala ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, naye akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Baada ya hayo yote alikwenda Minneapolis kuzungumza na wazazi wa Kisomali. Katika watoto wa Kisomali waliozaliwa Minnesota mwaka 2004, 92 katika kila 100 walikuwa wamechanjwa surua walipotimia miaka miwili. Kwa waliozaliwa 2014 wakabaki 42. Surua ikaingia mwaka 2017, ikawapata watu 75, na wengi wao walikuwa Wasomali. Watoto waliokaribiana na wagonjwa nao hawakuchanjwa waliambiwa wakae nyumbani siku 21. Na mtoto mchanga asiyetimiza mwaka, ambaye kwa kawaida wakati wake wa kuchanjwa haujafika, yeye hana karatasi ya kutia saini. Kinga yake ni wale wanaomzunguka.

Jawabu yetu ni hii. Ikiwa mtoto ana maradhi yanayomzuilia chanjo, daktari na aandike, na hilo halina lawama. Ikiwa mama ana khofu, khofu si dhambi. Na amwendee daktari amuulize mpaka atue moyo. Ama kuandika kuwa Uislamu unakataza jambo ambalo Uislamu haukulikataza, huko ni kuizulia dini, na kutia saini juu yake mbele ya shahidi ni ushahidi wa uwongo. Hatumruhusu, wala hatuoni mwenye ilimu wa kumruhusu.

Na kama amechelewa, asidhani kuwa skuli imempita. Sheria ya Minnesota humpokea pia mtoto aliyekwisha anza chanjo na hajazimaliza, akileta hati ya zahanati yenye tarehe za zile alizopata.