Maswali na Majibu: Mipangilio ya Utekelezaji na Kufuatilia Hitilafu katika Haskell

Swali la 1: Mfumo wa utekelezaji wa GHC hufanya nini?
Jibu: Huunganishwa na kila programu ya Haskell inayojengwa kwa kompaila ya GHC. Hugawa kumbukumbu, huondoa data zisizotumika tena na hupanga zamu za nyuzi.

Swali la 2: Mipangilio yake hupitishwa vipi?
Jibu: Huandikwa baada ya jina la programu, kati ya `+RTS` na `-RTS`. Ikumbukwe minne:
- `-s`: hutoa muhtasari wa matumizi ya kumbukumbu na muda.
- `-M512m`: huweka kikomo cha lundo la kumbukumbu.
- `-K1m`: huweka kikomo cha rafu ya miito.
- `-N4`: hutumia viini 4, endapo programu imejengwa kwa `-threaded`.

Swali la 3: Kwa nini programu inaweza kukataa `-M512m`?
Jibu: Kwa kawaida GHC huruhusu `-?` na `--info` tu. Sababu ni usalama: baadhi ya mipangilio huandika kwenye faili, na mtu baki angeweza kuitumia vibaya. Jenga upya kwa `-rtsopts`.

Swali la 4: Kwa nini rafu ya Haskell haionyeshi nani alimwita nani?
Jibu: Haskell huahirisha ukokotoaji mpaka thamani ihitajike. Hivyo rafu huonyesha aliyeidai thamani, wala si mstari ulioiunda. Isitoshe, mwito ulio mwishoni mwa fankisheni hauachi alama kwenye rafu.

Swali la 5: Linganisha `HasCallStack` na `-xc`.
Jibu: `HasCallStack` huandikwa kwenye aina ya fankisheni. Hitilafu ikitokea, hutaja faili na mstari wa kila mwito, lakini mnyororo hukatika kwenye fankisheni ya kwanza isiyo nayo. `-xc` ni mpangilio wa `+RTS` unaochapisha rafu hitilafu inapotokea; haudai kubadili msimbo, ila programu lazima ijengwe kwa `-prof`. Pia huchapisha hata hitilafu ambazo programu imezidaka yenyewe, basi usidhani kila taarifa ni kosa.

Swali la 6: `foldl (+) 0 [1..10000000]`, ikijengwa bila uboreshaji na kuendeshwa kwa `-K1m`, huvunjika. Eleza na utoe tiba.
Jibu: `foldl` hulimbikiza hesabu zilizoahirishwa. Jumla inapodaiwa mwishoni, zote hufunguliwa kwa pamoja na rafu hufurika. Tiba ni `foldl'` ya `Data.List`, inayokokotoa kila hatua papo hapo. Kuongeza `-K` si tiba. Kikomo cha kawaida tayari ni asilimia 80 ya kumbukumbu ya mashine, ndiyo maana kosa hili huweza kujificha mpaka data ziwe nyingi.

Kwa mtahiniwa: Kila unapotaja mpangilio, taja pia sharti lake la ujenzi: `-rtsopts`, `-threaded` au `-prof`. Jibu lisilo na sharti hilo halijakamilika.