Usitoke, na Usimwache Jirani: Somo la Karantini kutoka Sargh hadi Kaberebere



Ndugu zangu katika imani, somo letu safari hii ni juu ya hadithi ambayo karibu kila mmoja wetu aliisikia mwaka 2020. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba tukisikia tauni imeingia katika nchi fulani tusiende huko, na ikitokea mahali tulipo tusitoke kuikimbia. Wameipokea Bukhari na Muslim. Ilisomwa redioni, ikatumwa kwenye simu, ikabandikwa kwenye milango ya misikiti iliyofungwa. Mimi mwenyewe niliisoma nyumbani kwa sauti, nikajiona nimemaliza wajibu wangu.

Nilikuwa nimeielewa nusu. Makala hii ni juu ya nusu iliyobaki, na juu ya jirani aliyenifundisha bila yeye mwenyewe kujua.

1. Kisa cha Sargh

Tuanze na tukio lililoifanya hadithi hii ijulikane. Mwaka wa 17 au 18 Hijria, Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake, wakiongozwa na Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.), walimpokea kwa habari kwamba maradhi yameingia Sham.

Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Ufunguzi wa Makka, na hao wote wakashauri arudi na watu wake. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari yake nyingine. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bondeni lenye kingo mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari ya Mwenyezi Mungu.

Ndipo akafika Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwapo, akasema anayo elimu juu ya jambo hilo, akaitaja hadithi tuliyoanza nayo. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi Madina.

Mara nyingi darasa letu huishia hapo. Lakini kuna mtu ambaye hakurudi Madina. Abu Ubayda alirudi Sham kwa askari wake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar alimwandikia akimtaka aje kwake kwa haja muhimu. Abu Ubayda akatambua kusudio la barua hiyo, akaomba radhi, akasema yuko pamoja na askari wa Kiislamu na hatawaacha. Akafariki katika tauni hiyo, iitwayo tauni ya Amwas. Akafuatiwa na Muadh bin Jabal (r.a.). Baada yao Amr bin al-As (r.a.) akawatawanya watu milimani mpaka maradhi yakaondoka.

2. Kwa nini tusitoke?

Sababu ya kutoingia kwenye tauni haina ugumu: mtu asijitupe katika maangamizi. Lakini kwa nini mzima aliyemo ndani asitoke? Wanazuoni wametoa sababu kadhaa, na moja inayojulikana na kila mwanafunzi wa afya ni kwamba anayeonekana mzima huenda amekwisha kuambukizwa.

Imamu Ghazali, katika Ihya, kwenye mlango wa tawakkul, aliongeza sababu nyingine. Alieleza kwamba lau wazima wangeruhusiwa kuondoka, mjini wangebaki wagonjwa tu, wamevunjika moyo, hawana wa kuwahudumia, hawana wa kuwapa maji wala chakula, na wao wenyewe hawawezi kujihudumia. Kuondoka kwa wazima kungekuwa sawa na kuwaangamiza.

Zingatia hoja hiyo, ndugu msomaji. Kwa maelezo ya Ghazali, mzima amezuiwa kutoka kwa sababu kuna mtu ndani anayemhitaji. Basi anayekaa ndani na kumfungia mlango huyo mhitaji ametii maneno ya amri, lakini amekosa makusudio yake. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

3. Kaberebere, Machi 2020

Turudi nyumbani kwetu. Machi 18, 2020 Rais Museveni alitangaza kufungwa kwa shule, vyuo na nyumba za ibada. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alithibitishwa Machi 21. Machi 25 usafiri wa umma ukasimamishwa, na Machi 30 magari binafsi nayo yakazuiwa, pamoja na kafyu kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Boda boda zikabaki kubeba mizigo peke yake. Anayetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari ilimpasa apate ruhusa ya RDC.

Nilikuwa nimeondoka Mbarara na taksi ya mwisho niliyoipata, nikarudi kwetu Kaberebere, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro. Wanaopajua wanajua kwamba pale mkulima wa matoke wa Isingiro na mkimbizi wa Nakivale hukutana kila siku. Nakivale imekuwa makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo utakuta Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili cha sokoni kwetu kina lafudhi za nchi tano.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa amepanga mama mmoja mtu mzima kutoka Bukavu. Alikuwa fundi cherehani, na watoto wa mdogo wake walikuwa Nakivale. Alikuwa na sukari na presha, na kila mwezi alikuwa akienda kliniki Mbarara kuchukua dawa.

Kwa wiki mbili nilipita mbele ya mlango wake kwenda kuteka maji. Nilimsalimia kwa mbali, nikajisifu moyoni kwamba natunza umbali. Jioni mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, jirani yetu simsikii cherehani yake. Leo umemuuliza hali?" Nikamjibu kwamba tumeambiwa tusiingie kwa watu. Akasema, "Nimekuambia uingie? Simama uani, umuulize."

Nilisimama uani, nikamuuliza. Alikuwa anakata vidonge vyake nusu. Baadaye akaanza kunywa siku moja na kuruka siku moja, ili vimfikishe mpaka barabara zifunguliwe. Vilikuwa vimebaki vinne. Kidole cha mguu kilikuwa na kidonda, na alikuwa amekifunga kwa kitambaa cha kushonea. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba watu wote wana shida, na yeye ni mgeni.

Wangapi walikuwa hivyo? Aprili hiyo hiyo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Waliokuwa wakitegemea kibarua cha shamba au biashara ndogo kuziba pengo, kibarua hakikuwapo na soko lilikuwa limepoa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusema "kaa nyumbani" bila kuuliza nyumbani kuna nini ni kumwachia mzigo usiobebeka.

4. Watu hawasafiri, mizigo inasafiri

Wazo lililotusaidia lilitoka kwa mzee mmoja wa msikitini, muuza matoke. Alisema, "Watu wamezuiwa, matoke hayakuzuiwa." Malori ya mizigo yalikuwa yanaruhusiwa. Tulimwomba dereva achukue kitabu cha kliniki cha jirani yetu pamoja na fedha tulizochanga. Tuliipigia kliniki simu mapema, wakaandaa dawa, na keshoye jioni, kabla ya kafyu, lori likarudi na mfuko mdogo wa karatasi.

Usiku huo tukajiuliza: ni nani mwingine? Vijana wanne tulifungua daftari la shule. Tukaandika nani anakunywa dawa kila siku na zinaisha tarehe ngapi, nani ni mjamzito na anatarajia lini, nani anaishi peke yake, nani hana simu. Tukaandika namba ya mwenyekiti wa LC1, ya boda boda wa mizigo, na ya mwenye gari aliyekuwa tayari kuombewa ruhusa usiku. Hatukumuuliza mtu dini yake wala kitambulisho chake. Baadaye serikali iliruhusu wajawazito kwenda hospitali bila kusubiri kibali, lakini kabla ya hapo ilitupasa kujua mapema ni mlango wa nani utakaogongwa.

Juni 4 usafiri wa umma uliporudi kwa masharti, wilaya za mipakani ziliachwa nje, na Isingiro inapakana na Tanzania. Mbarara wakapanda taksi, sisi tukaendelea na daftari. Juni 2021 usafiri kati ya wilaya ulipozuiwa tena, hatukushtuka kama mara ya kwanza: jirani yetu alikuwa ameiomba kliniki dawa za miezi mitatu.

Lakini nisiwafiche. Wiki zile mbili zilikuwa na gharama. Kile kidonda hakikupona mpaka muda mrefu baada ya Idi, na hadi leo anachechemea. Kila nimwonapo nakumbuka milango niliyoipita nikiwa na hadithi mdomoni.

5. Dua na tahadhari

Wengine wetu walihuzunika kwamba Ramadhani nzima ilipita bila tarawehe msikitini, na Idi ya Mei 24, 2020 tukaiswali majumbani. Huzuni hiyo ni ya haki. Lakini tusiseme kwamba kufunga msikiti ni udhaifu wa imani. Ibn Abbas (r.a.) siku ya mvua kubwa alimwamuru mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao, na akabainisha kwamba aliyefanya hivyo kabla yake ni mbora kuliko yeye, akimkusudia Mtume (s.a.w.). Ikiwa matope ni udhuru, maradhi yanayoua ni udhuru zaidi.

Ibn Hajar al-Asqalani, mshereheshaji wa Bukhari, alipoteza mabinti watatu kwa tauni, na akaandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Humo ameeleza kwamba mwaka 833 Hijria watu wa Cairo walifunga siku tatu, kisha wakatoka jangwani kwa wingi kuomba dua. Kabla ya kutoka, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arubaini. Baadaye wakapita elfu moja. Mwanachuoni huyu hakuikataa dua. Alikataa mkusanyiko ule usio na asili katika Sunna. Dua ya mtu chumbani mwake inasikika.

Na tetesi je? Kwetu ziliingia za kujifukiza, za tangawizi na malimau, na za kwamba Waafrika hawaugui. Tangawizi ni kinywaji kizuri. Ubaya unaanza mtu anapoiacha dawa ya presha kwa sababu ya ujumbe wa simu usiojulikana umetoka kwa nani. Qur'ani imetuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuifuata, na mwanafunzi wa chuo kikuu hana udhuru wa kusambaza asichokihakiki.

6. Tujiandae

Msidhani mambo haya yamepita. Oktoba 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Ilikuwa hadithi ile ile mbele ya macho yetu. Kila tawi la jumuiya yetu linaweza kufanya haya kabla ya siku hiyo:

- Kuwa na daftari la wahitaji wa chuoni na wa mtaa unaotuzunguka, lenye tarehe za dawa. Litunzwe kwa siri, kwani ugonjwa wa mtu ni amana.
- Kuwahimiza wenye maradhi ya kudumu waulizie hospitalini kuhusu dawa za muda mrefu zaidi, na wasipunguze dozi bila kumuuliza daktari.
- Kutenga sehemu ya sadaka ya Ijumaa kwa usafiri wa wagonjwa.
- Kuwatambua wanafunzi wakimbizi na wa kigeni ambao chuo kikifungwa hawana pa kwenda.
- Kuwa na mtu mmoja wa afya wa kuulizwa kabla ya ujumbe wowote kusambazwa.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Umar (r.a.) alishauriana na makundi matatu kabla ya kuamua? Uongozi wa jumuiya yetu unajifunza nini hapo?
2. Umar alirudi, Abu Ubayda akabaki. Je, walihitilafiana, au kila mmoja alitekeleza upande wake wa hadithi moja?
3. Bwenini au mtaani kwako, ni nani ambaye akinyamaza wiki mbili hakuna atakayegundua?

Swali la tatu usilijibu darasani. Lijibu kwa miguu yako leo baada ya Alasiri: simama uani, toa salamu, uulize.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, walinde walio mbali na makwao, na utujaalie tuwe majirani wanaotegemewa. Amina.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.