Kabla hujahamia mji mdogo kutafuta maisha: Tujifunze kwa Usinge



Ndugu msomaji, katika siku za karibuni nimeulizwa swali moja na watu wengi, baadhi yao vijana niliowafundisha darasani. Swali lenyewe ni hili: "Ustadh, maisha ya Dar es Salaam yamenishinda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nauli kila siku, na mshahara unaisha kabla ya tarehe kumi. Je, nihamie mji mdogo? Na ni mji gani?"

Swali hili si la kubeza. Anayeuliza ana mke, ana watoto, na pengine ana mzazi anayemtegemea. Akikosea, anaweza kurejea Dar na madeni, watoto wamekatishwa masomo, na hata kodi ya kuanzia upya hana. Kwa hiyo kumtajia mtu jina la mji tu si kumsaidia. Anachohitaji ni kufundishwa namna ya kuupima mji. Hilo ndilo nitakalojaribu kulifanya leo, na mfano wangu utakuwa Usinge, mkoani Tabora. Nimeichagua kwa sababu na mimi nimeletewa pendekezo la kwenda kufundisha ukanda huo, na nyumbani kwangu tunalijadili.

Usinge ni wapi?

Usinge ni kata katika Wilaya ya Kaliua. Ipo kwenye Reli ya Kati iendayo Kigoma, ukishapita Kaliua na kabla hujafika Nguruka. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na pale Kaliua ndipo linapochepuka tawi la kwenda Mpanda.

Kabla ya reli kulikuwa na misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji ilipita katika nchi hizi za magharibi. Wazungu Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, mwezi Novemba, na Ujiji hawakuiona hadi Februari 1858. Waliobeba mizigo ya njia ile kwa wingi ni Wanyamwezi, na katika historia yao kuna mambo mawili yanayotufaa sana katika somo hili.

La kwanza ni msimu. Wapagazi wengi walisafiri wakati wa kiangazi, kisha wakapenda kuwa nyumbani mvua zinapoanza ili walime. La pili ni njia. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilivurugika, biashara ikakwama Tabora, na Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzunguka kwa kusini.

Hadi leo mji mdogo unaishi kwa mambo hayo hayo mawili: msimu wake na njia yake. Asiyeyajua hayo asiseme ameujua mji.

Swali la kwanza: Fedha ya mji inatoka wapi, na inaingia mwezi gani?

Watu wengi huanza kwa kuuliza kodi ya chumba. Nawausia waanze kwa kuuliza fedha ya pale inaletwa na nani. Wilaya za Kaliua na Urambo ni maarufu kwa kilimo cha tumbaku. Mkulima huandaa vitalu kabla ya mvua, huhamishia miche shambani mvua zikianza, huvuna na kukausha mwanzoni mwa mwaka, kisha masoko hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka. Akishauza kupitia chama chake cha msingi, hukatwa kwanza deni la pembejeo, ndipo apate chake.

Maana yake ni kwamba fundi cherehani, muuza nguo au mwalimu wa shule ya binafsi atachangamka miezi ya katikati ya mwaka, na kuanzia Desemba hadi Machi atakuta mifuko ya wateja wake imekauka. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye chuo alichukua kazi katika shule moja ya binafsi mkoani humo. Mshahara alioahidiwa ulikuwa mzuri. Alichokuwa hakuambiwa ni kwamba mshahara ule unatokana na karo, na karo inalipwa tumbaku ikishauzwa. Alikaa miezi minne akila kwa mkopo dukani. Mtumishi wa serikali hana tatizo hilo, kwani mshahara wake hausubiri soko.

Hali kadhalika tuwe waangalifu na fedha za mradi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Watu walimiminika, mashine zikaletwa, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa. Katika zama zetu, mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Ni jambo la kheri. Lakini kambi ya ujenzi popote ilipo hupandisha kodi na kuongeza wateja, na ujenzi ukisogea mbele wateja nao husogea. Anayefungua biashara kwa ajili ya kambi ajue kuwa anafungua biashara ya muda.

Na kwa Muislamu kuna suala jingine. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameharamisha uvutaji wa tumbaku, na wapo wanaouhesabu ukulima na uuzaji wake katika hukumu hiyo hiyo. Anayekwenda huko kulima au kufanya kazi kwenye maghala ya tumbaku na amuulize sheikh anayemwamini kabla hajapanda gari. Kuna mahindi, mpunga, karanga, ufugaji wa nyuki na samaki. Nchi haina zao moja tu.

Swali la pili: Mwisho wa mwaka kinabaki nini?

Tuchukue mfano wa hesabu, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme Dar unalipa kodi Sh. 150,000 kwa mwezi na mji mdogo utalipa Sh. 40,000. Umeokoa Sh. 110,000 kwa mwezi, yaani Sh. 1,320,000 kwa mwaka. Wengi huishia hapo, wakafunga mizigo.

Tuendelee. Familia ya watu wanne inarudi pwani mara mbili kwa mwaka, kwenye Idi na kwenye msiba, kwani misiba haikosekani. Tuseme kila safari kwenda na kurudi ni Sh. 400,000, hiyo ni Sh. 800,000. Maji ya kununua Sh. 15,000 kwa mwezi ni Sh. 180,000. Safari za kwenda hospitali kubwa tuziwekee Sh. 120,000. Jumla ni Sh. 1,100,000. Kilichobaki katika ile milioni na ushee ni Sh. 220,000 tu.

Sasa, kama Dar ulikuwa ukipata Sh. 50,000 kwa mwezi kwa kufundisha masomo ya jioni, na kule hakuna wa kukulipa, umepoteza Sh. 600,000 kwa mwaka. Hapo umeingia hasara ya Sh. 380,000 ilhali unakaa kwenye nyumba ya bei rahisi!

Hesabu hii inaweza kugeuka ikawa na faida. Mwenye bustani, kuku na shamba la mahindi hanunui kila kitu. Asiyelipa nauli ya daladala kila siku ameokoa. Muhimu ni hesabu kufanywa yote, na kufanywa na mume na mke pamoja.

Swali la tatu: Shamba unalouziwa ni la nani?

Vijana husikia kwamba huko ardhi ni bwerere. Kwa hakika nchi ni pana, lakini sehemu kubwa si ya kuuzwa. Eneo oevu la Malagarasi na Moyowosi lilitambuliwa kimataifa mwaka 2000, Mto Ugalla ukawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na kuna misitu ya hifadhi. Mgeni akioneshwa ekari kumi kwa bei ya kutupa, huenda anauziwa hifadhi, na siku ya kuondolewa atakayeondolewa ni yeye na mahindi yake, muuzaji hayupo.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Nenda ofisi ya serikali ya kijiji, onana na mwenyekiti na mtendaji, uliza mpaka wa hifadhi uko wapi, na suala lako lipitie kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji. Karatasi ya watu wawili waliosaini chini ya mwembe haitoshi.

Swali la nne: Mkeo atajifungulia wapi, watoto watasoma wapi?

Mke wangu alipolisikia jina la Usinge hakuniuliza kodi. Aliuliza: "Mtu akishikwa na uchungu usiku wa mvua, anapelekwa wapi na kwa usafiri gani?" Nimeona swali lake ni bora kuliko yangu yote. Mvua za huko ni za msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili, na barabara inayopitika vizuri Agosti inaweza kuwa nyingine Februari. Uliza zahanati ina muuguzi usiku, gari la wagonjwa liko wapi, shule ya sekondari iko umbali gani, na kama kuna madrasa ya watoto. Kama hakuna, je, wewe uko tayari kuianzisha?

Swali la tano: Utaingiaje kwa wenyeji?

Maswahaba walipohamia Madina, Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliunganishwa udugu na Sa'd bin Rabii, tajiri wa mji, ambaye alikuwa tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, kisha akaomba aelekezwe sokoni. Akaanza na biashara ndogo hadi akasimama. Hapa kuna somo kwa mhamiaji: aheshimu ukarimu, asiufanye kuwa mtaji.

Wanyamwezi na watu wa pwani wana utani wa tangu enzi za misafara. Mzaramo akitaniwa akiwa huko asinune, ajue amekaribishwa. Awaamkie wazee, ahudhurie misiba, asianze kila sentensi na "kule kwetu Dar". Na akienda msikitini aswali safu za nyuma kwanza, asikimbilie kusahihisha watu siku ya kwanza.

Hitimisho

Ushauri wangu ni kuwa usihame kwa kusimuliwa. Nenda mara mbili: mara moja katikati ya mvua, mara moja wakati wa mauzo. Zungumza na mama lishe wa stesheni, dereva wa bodaboda, muuguzi na mwalimu aliyekaa miaka mitatu. Muulize pia kwa nini aliyekutangulia katika kazi hiyo aliondoka. Ukiamua, panga chumba kwa miezi mitatu, weka akiba ya nauli ya kurudi isiyoguswa, na mwandikiane na mkeo tarehe ya kukaa tena kupima.

Sisi tumekubaliana hivyo. Nitakwenda Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha na watu hawajauza, nione mji katika dhiki yake. Nitarudi tena Julai. Jibu la mwajiri nitalitoa baada ya hapo, na kama hawezi kusubiri, basi nimekwisha kujifunza jambo moja kumhusu.

Allah (s.w.) katika Suratul Mulk aya ya 15 ametuelekeza kutembea katika pande za ardhi na kula katika riziki zake. Na Mtume (s.a.w.) alimfunza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Ndugu yangu, swali istikhara, shauriana na watu wako, kisha kaa chini na kalamu uhesabu.

Wabillahi tawfiq.