SOMO LA MUZIKI: TUCHAGUE NYUZI ZA BESI KWA UNENE GANI?



Somo hili linatoka katika kosa langu mwenyewe. Mwaka uliopita kwaya ilinituma sokoni, hapa Kasumbalesa, na franga za mchango, ninunue nyuzi mpya za gita la besi. Muuzaji akaniambia: "Kamata hizi kubwa, hazitakatika hata siku moja." Nikakamata. Nyuma ya majuma mawili shingo ya gita ilijikunja kama upinde, nyuzi zikasimama juu sana, na wadogo wetu hawakuweza tena kuzikandamiza. Siku ya Mungu tuliimba bila besi. Sikuuliza hata swali moja mbele ya kulipa.

Sisi wa Katanga tunajua thamani ya sauti ya chini. Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga gita moja tu: kidole gumba kilishika sauti za chini, na kidole cha pili kiliimba juu. Katika kwaya, kazi ya kile kidole gumba tumempa mtu wa besi. Akikosa yeye, wote wanayumba.

1. Sheria ya uzi

Sauti ya uzi inatoka katika mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na nguvu ya kuuvuta. Uzi mnene ni mzito. Ukitaka utoe sauti ileile ya uzi mwembamba, lazima uuvute kwa nguvu zaidi. Na ile nguvu yote inabebwa na shingo. Nyuzi nne za kawaida, kwenye besi ndefu, zinavuta pamoja kadiri ya kilo 80. Fikiri mfuko wa sima wa kilo 50, halafu ongeza zaidi ya nusu ya mwingine.

2. Namba za pakiti

Pakiti ya kawaida inaandikwa 45-65-85-105. Namba hizo ni sehemu za elfu za inchi: 45 ni milimita 1.14, ni uzi wa Sol. 105 ni milimita 2.67, ni uzi wa Mi, unaotikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Pakiti nyepesi ni 40-60-80-100. Mimi nilinunua ya 50 hadi 110. Uzito unapanda kwa mraba wa unene: kutoka 45 kwenda 50, mvutano unaongezeka karibu 23 kwa 100! Njo vile shingo ilishindwa.

3. Maswali manne mbele ya kununua

(a) Gita lina urefu gani? Pima sehemu ya uzi inayolia, kutoka kijiti cha kichwani mpaka daraja. Besi ndefu ina sentimita 86, fupi ina 76. Nyuzi zilezile kwenye besi fupi zinalegea, basi hapo unene kidogo unasaidia.

(b) Mnaimba juu au chini? Ukishusha nyuzi zote nusu toni, mvutano unapungua kama 11 kwa 100, nazo zinagonga vyuma vya shingo. Ukitoka 100 kwenda 105 unarudisha kama 10 kwa 100. Hapo ndipo nyuzi nene zina haki yake. Lakini usizirudishe tena juu.

(c) Mifereji ya kile kijiti inazipokea? Uzi mnene ukikwama mferejini, gita halilingani kamwe.

(d) Zimezungushiwa madini gani? Malori ya shaba yanapita hapa kila siku, lakini sumaku haishiki shaba. Besi ya umeme inasikia uzi kwa sumaku: chagua nikeli au chuma. Nyuzi za shaba nyekundu na bati ni za gita lisilo na umeme.

Besi yetu ni ndefu, na kwaya inaimba katika sauti ya kawaida. Tulirudi kwa 45-105. Fundi akakaza kidogo kidogo chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja, mpaka ikanyooka. Franga za kwanza zilipotea; niliziandika katika daftari la kwaya kwa jina langu, na ninazirudisha polepole.

Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anataja filimbi na kinubi: sauti zisipotofautiana, nani atajua wimbo? Hata uzi una neno lake katika ibada.

Zoezi: Kwaya moja inashusha besi toni nzima, Mi ikawa Re. Uzi wake ni 100. Atafute unene gani ili mvutano ubaki uleule? Mwenye jibu alionyeshe kwa mwalimu wa fizikia.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho