Kuhifadhi Vyombo vya Useremala Nyumbani
Patasi ikilala pamoja na misumari katika sanduku moja hupotewa na makali, na fundi hupoteza asubuhi nzima akinoa. Twaa mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukate ukanda, uupigilie ubaoni ukiacha vitanzi vya kupenyezea patasi na tupa. Tupa zisigusane, maana meno yake husagana. Debe lililooshwa, likikatwa ubavu mmoja, hufaa kuwa mtoto wa meza wa kutilia misumari. Lakini kwanza kunja kingo zake kwa nyundo, kwani bati lililokatwa ni wembe. Msumeno upanguse kwa kitambaa chenye mafuta safi. Wakaao pwani wafanye hivyo kila jioni: hewa ya chumvi huleta kutu upesi.