USALAMA KAZINI: Namna video ya usalama inavyotengenezwa

Ndugu mfanyakazi, video ya usalama unaitazama dakika chache tu kabla ya kuingia kazini. Lakini kuitengeneza kunachukua siku nyingi, na kosa moja ndani yake linaweza kuua mtu. Tuchukue mfano wa video ya kugonga jiwe la juu chini ya udongo.

1. KUPANGA. Ujiulize kwanza: atakayeitazama ajue kufanya nini? Hapa jibu ni moja: ajue kusikiliza jiwe. Jiwe zima hulia wazi kama kengele. Jiwe lililoachana hulia zito, kama kitu chenye utupu ndani. Picha ya ukutani haiwezi kukufundisha sauti hiyo. Video inaweza.

2. KUANDIKA. Gawanya karatasi pande mbili: kushoto kitakachoonekana, kulia kitakachosikika. Kapita na mtu wa usalama waisome kabla kamera haijatoka.

3. KUPIGA PICHA. Anza na picha ya mbali: mfanyakazi amesimama chini ya jiwe alilokwisha kupima, na njia ya kukimbilia iko wazi nyuma yake. Halafu picha ya karibu: mikono, na chuma kirefu kimeelekea mbele, si juu ya kichwa. Mwenye kamera naye avae kofia na viatu vya kazi, akae mahali palipopimwa. Jicho lililo kwenye kamera halioni hatari: awe na mwenzake wa kumlinda. Mashini ya hewa ikipiga makelele, usiizime! Weka maikrofoni kwenye nguo ya mfanyakazi, karibu na kifua.

4. KUKATA NA KUUNGA. Vipande vinapangwa kwenye kompyuta, na sauti ya maelezo inaongezwa. Hapa ujihadhari sana. Kugonga jiwe kunachukua muda, na mkataji atatamani kukuondoa ili video iwe fupi. Asithubutu! Kijana mpya akiona mtu anaingia na kutoboa moja kwa moja, naye atafanya vilevile.

5. KUPIMA. Waonyeshe kwanza wafanyakazi wachache. Usiwaulize kama imewapendeza. Wasikilizishe zile sauti mbili, kisha uulize: jiwe gani litaanguka? Wakikosa, kazi irudiwe.

Nawe mama wa nyumbani, bwana akirudi jioni, muulize: leo jiwe lililia namna gani? Akikujibu vizuri, video imefanya kazi yake.