Maji Mawili Ndani ya Ziwa Moja

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, upana wa wastani wa kilomita 50, na katika bonde lake la kusini kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Siberia tu linalolizidi kwa kina. Mji wa Kalemie uko karibu katikati ya urefu huo, ukingo wa magharibi, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kuungana na Lualaba. Hata hivyo, katika kina chote hicho samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, lenye unene wa mita mia moja hadi mia mbili kutegemea mahali na majira. Chini ya hapo hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni samaki hawezi kupumua. Sehemu kubwa ya ziwa, basi, haina samaki hata mmoja.

Hali hiyo ina sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini utafiti uliochapishwa tangu mwaka 2003 umewatia watu wengi wasiwasi juu ya ndakala, yaani dagaa wa ziwa hili. Tuanze na jambo dogo kabisa, yaani uzito wa maji.

Chukua maji yanayojaza sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja. Uzito wa maji hayo ndio unaotuonyesha densiti yake: kiasi cha uzito kilichomo katika nafasi fulani. Maji yakipata joto hutanuka kidogo, kwa hiyo yale yanayobaki ndani ya sanduku hupungua uzito. Katika nyuzi 26 za Selsiasi, ambazo ni joto la kawaida la uso wa ziwa Tanganyika, sanduku hilo lina kilo 996.8. Katika nyuzi 23.4 hivi, ambazo ni joto la vilindini, lina kilo 997.4. Tofauti ni karibu theluthi mbili ya kilo. Ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya maji ya joto yaelee juu ya maji ya baridi na kubaki huko.

Anayetaka kuliona hili kwa macho yake achukue glasi na kuijaza maji baridi hadi nusu. Kisha apike chai isiyo na maziwa wala sukari, na ingali moto aimimine polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa uso wa maji. Chai itatulia juu, na mpaka kati ya rangi ya chai na maji meupe utaonekana wazi. Sukari haitakiwi kwa sababu nayo huongeza densiti, na chai yenye sukari nyingi huzama hata ikiwa ya moto. Baada ya hapo akoroge kwa ncha ya kijiko, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Atagundua kwamba matabaka hayo mawili hayachanganyiki mpaka mkono ufanye kazi. Kazi hiyo ndiyo kiini cha somo hili: kuchanganya maji ya densiti mbili kunahitaji nguvu, na kadiri tofauti ya densiti inavyokuwa kubwa, ndivyo nguvu inayohitajika inavyoongezeka.

Katika nchi za baridi, majira ya kipupwe huupoza uso wa ziwa mpaka tofauti ya densiti inatoweka, na upepo unaweza kuyapindua maji yote kuanzia juu hadi chini. Tanganyika iko karibu na ikweta. Uso wake haupoi kiasi hicho, kwa hiyo matabaka yake mawili hukaa hivyo mwaka hadi mwaka.

Matokeo yake ni mawili, na yote mawili yanamhusu mvuvi. La kwanza ni oksijeni. Gesi hiyo huingia majini kutoka hewani, na pia hutolewa na mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iitwayo fitoplanktoni, inayoelea mahali mwanga wa jua unapofika. Vyanzo vyote viwili viko juu. Viumbe vinapokufa huzama, na bakteria wanaovioza huko chini hutumia oksijeni yote iliyopo. Kwa kuwa maji ya juu hayashuki kuleta nyingine, vilindi vimebaki bila oksijeni na vimejaa haidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu kwa samaki.

Tokeo la pili ni la rutuba. Mimea ya ziwani, kama mahindi ya shambani, inahitaji fosforasi na naitrojeni. Kiumbe kinapokufa na kuzama, fosforasi iliyokuwa mwilini mwake huzama nacho. Kwa karne nyingi rutuba imekuwa ikishuka, na kilindi kimekuwa ghala lake. Hata Lukuga hauichukui. Mto huo huteka maji ya uso wa ziwa, yaliyo maskini kwa rutuba, tena maji mengi yanayolitoka ziwa hayapiti mtoni bali hupotea kama mvuke. Kwa hiyo tuna ziwa ambalo mwanga uko juu na mbolea iko chini, na kati yake kuna mpaka mgumu kuvuka. Uhai wote wa ziwa unategemea kuvukwa kwa mpaka huo.

Anayeuvuka ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kiangazi, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, nazo husukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini. Yanapolundikana huko, mpaka wa matabaka hushuka upande wa Uvira na Bujumbura na kupanda upande wa kusini, penye Mpulungu, hadi maji ya baridi yenye rutuba yanakaribia uso au kuufikia kabisa. Pepo hizo ni kavu pia: hukausha uso wa maji na kuupoza, nao ukipoa huwa mzito, huzama na kuchanganyika na yaliyo chini. Upepo ukitulia, mpaka ulioinama hurudi, hupita usawa wake, huinama upande wa pili, kisha hurudi tena. Ni wimbi kubwa lililo ndani ya ziwa, ambalo juu halionekani, na mzunguko wake mmoja huchukua mwezi mmoja hivi. Kalemie, kwa kuwa katikati, iko karibu na mhimili wa mtikisiko huo. Kupanda na kushuka kwa mpaka ni kukubwa zaidi kwenye ncha mbili za ziwa kuliko hapa, lakini maji yanayokwenda na kurudi kati ya ncha hizo hayana budi kupita katikati.

Rutuba ikifika penye mwanga, fitoplanktoni huongezeka. Huliwa na wanyama wadogo waitwao zooplanktoni, nao huliwa na ndakala. Kwa jina hilo Kalemie inajumlisha dagaa wa aina mbili, ambao wanasayansi huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ndakala nao huliwa na Lates stappersii, anayeitwa mgebuka Kigoma na mukeke Bujumbura. Mnyororo huu ni mfupi, na ndiyo maana kinachotokea kwenye mpaka wa maji hufika haraka hadi kwenye wavu.

Sasa tunaweza kuuliza swali walilouliza watafiti: hewa ikizidi kuwa na joto, mpaka huo unakuwaje? Hewa hupasha uso kwanza. Vilindi navyo hupata joto, lakini polepole na kwa kiasi kidogo, hivyo tofauti ya joto kati ya juu na chini huongezeka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Densiti ya maji haipungui kwa kiwango kilekile kwa kila nyuzi moja ya joto. Maji yakipanda kutoka nyuzi 4 hadi 5, sanduku letu hupoteza gramu 8 tu. Yakipanda kutoka 25 hadi 26, hupoteza gramu 260, zaidi ya mara 30. Kwa ziwa la baridi nyuzi moja si kitu kikubwa. Kwa Tanganyika, hata sehemu ya nyuzi moja huufanya mpaka uwe mgumu zaidi, na upepo uleule wa kiangazi hauwezi tena kupandisha rutuba ileile.

Mwaka 2003 makala mbili zilisema kwamba jambo hili limekwisha kuanza. Piet Verburg, Robert Hecky na Hedy Kling, katika jarida la Science, walilinganisha joto la ziwa na vipimo vilivyochukuliwa mwaka 1913, wakaona maji yameongezeka joto na mpaka umeimarika. Catherine O'Reilly na wenzake, katika Nature, walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ya ziwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki wanaoweza kupatikana wangepungua kwa asilimia 30 hivi.

Uzalishaji wa miaka mia iliyopita unapimwaje, wakati hakuna aliyekuwepo kuupima? Jibu liko kwenye mashapo, yaani tope linalotua chini ya ziwa. Kila mwaka huongeza tabaka jembamba, na kwa kuwa vilindini hakuna oksijeni, hakuna pia minyoo wa kulifukua. Matabaka hubaki kwa mpangilio wake. Watafiti hushusha bomba refu, hulichomeka ndani ya tope na kulipandisha likiwa limejaa. Ndani yake hupima kaboni, ambayo ina aina mbili tulivu, nyepesi na nzito. Mimea hupendelea ile nyepesi. Inapokuwa mingi na kukua kwa kasi huimaliza nyepesi iliyo karibu na kulazimika kuchukua nzito zaidi, na inapopungua hurudia nyepesi. Kwa hiyo tabaka la tope lenye kaboni nyepesi zaidi linaashiria mwaka wa mimea michache. Ni lazima kwanza kuondoa katika hesabu athari ya moshi wa makaa na petroli, ambao nao umeongeza kaboni nyepesi hewani, na O'Reilly alifanya hivyo.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walirudi miaka 1,500 nyuma. Walitumia mafuta yaliyokuwa kwenye ngozi za vijiumbe viitwavyo arkea, ambavyo hubadilisha umbo la mafuta hayo kulingana na joto la maji, na umbo hilo hudumu ndani ya tope. Walikuta kwamba katika miaka yote hiyo, joto la uso wa ziwa halikuwahi kufikia lile la mwishoni mwa karne ya 20.

Si wote waliokubali upande wa samaki. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake waliandika kwamba mabadiliko ya mavuno yanatokana zaidi na uvuvi wenyewe: idadi ya mitumbwi, aina za nyavu, uvuvi wa taa. Hoja yao ni nzito, kwa kuwa takwimu za mavuno haziwezi peke yake kutenganisha samaki waliopungua na samaki waliovuliwa. Andrew Cohen na wenzake walilitafutia jibu swali hilo mwaka 2016, tena kwenye tope. Walihesabu mabaki ya samaki na makome tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Walikadiria pia kwamba, katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu ya ziwa inayofikiwa na oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Konokono na samaki wengi wa ziwa hili, wasiopatikana penginepo duniani, wanaishi kwenye sakafu hiyo.

Kwa maoni ya mwandishi, pande hizi mbili hazilazimiki kupingana. Joto huamua ni ndakala wangapi ziwa linaweza kuwazaa. Nyavu huamua wangapi kati yao watabaki. Kiwango cha kwanza kikishuka, idadi ileile ya mitumbwi huwa mzigo mkubwa zaidi kuliko ilivyokuwa kwa mababu, hata kama hakuna mvuvi aliyebadili chochote. Ndiyo sababu vipimo vya joto na oksijeni, kama vile vinavyoweza kufanywa na Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira, vinapaswa kusomwa pamoja na takwimu za mavuno ya Kalemie, Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2019 haukuona makundi yaliyotengana miongoni mwa Stolothrissa wa ziwani. Kwa kadiri inavyojulikana hao ni kundi moja, linalovuliwa na nchi nne.

Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kufunga ziwa hakuwezi kupoza maji wala kupandisha fosforasi, na kukifanyika upande mmoja tu, ndakala wanaovuka kuja upande wa pili wanaendelea kukutana na nyavu. Lakini miezi hiyo mitatu iko ndani ya majira ya pepo za kusini-mashariki, wakati rutuba kidogo inayopanda inapofika penye mwanga, na ndakala waliobaki majini wakati huo ndio watakaoila.